Simu ya Mama Zuhura Ilipolia

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa saa ya mkononi ya Mwalimu Mkude, Juma alipojificha nyuma ya ubao, akabana pua na kulia kama simu: "Krii-krii! Krii-krii!" Darasa zima likaangua kicheko. Mbele yetu, kwenye meza iliyokuwa ofisi ya mwenye duka, Bakari alikwisha kunyoosha mkono kuchukua kiatu cha Mwalimu, maana kiatu ndicho kilichokuwa simu yetu ya mazoezi. Akakiweka sikioni, akafungua mdomo, na neno la kwanza likakwama. Akajaribu tena. Mshipa wa shingo ukamsimama, machozi yakamlengalenga, neno lisije. Akakirudisha kiatu mezani polepole, akatoka nje.

Enzi zetu, na wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, mchezo wa Siku ya Wazazi haukuwa kitu cha kupitishia wakati. Televisheni hatukuwa nayo, sinema ilikuwa mjini kwa wenye nauli, na redio ilitegemea huruma ya betri. Kwa hiyo shule ikicheza, mtaa mzima wa Temeke ulikuja: wazazi, wasio wazazi, wauza maandazi, na wale waliofuata tu harufu ya pilau ya mgeni rasmi. Michezo yenyewe ilikuwa ya kufundisha siasa, yaani kujitegemea, udugu na ubaya wa ulanguzi. Mwaka ule, tukiwa darasa la sita, Mwalimu Mkude alitunga mchezo wa mwenye duka aliyeficha sukari chini ya kitanda. Hatukuhitaji kuelezwa maana. Sukari tulikuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na aliyechoka kusimama aliweka tofali mahali pake akaenda zake. Tofali lile liliheshimiwa kuliko mtu. Niliwahi kuwaona wanawake wawili wakigombea nafasi, mmoja akamwambia mwenzake amuulize aliye mbele yao, huku akionyesha tofali.

Bakari alikuwa jirani yetu. Baba yake, Mzee Nangomwa, alikuwa mchongaji aliyetoka Newala. Alichonga mpingo kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na vumbi lake jeusi lilikaa kwenye nyusi zake mpaka Ijumaa, siku ya kuoga kwa ajili ya msikiti. Bakari alikuwa na kigugumizi. Hakikuwa cha wakati wote: akiimba hakikuwapo, akiwafukuza kuku hakikuwapo. Kilikuja alipotazamwa mdomo, na kilikuja maradufu alipochekwa. Darasani alijua majibu yote ya hesabu na hakujibu hata moja. Mzee Nangomwa, ambaye naye hakuwa mtu wa maneno, alikwisha kuamua kwamba mwaka ukiisha Bakari angeacha shule na kupelekwa Newala kwa baba yake mkubwa, akahudumie mikorosho.

"Shamba halimcheki mtu," alimwambia mama yangu.

Sasa, kuna mchezo ambao watoto wa leo hawaujui na sijui wanaishije bila huo. Unachukua makopo mawili ya maziwa, unayatoboa matako, unapitisha uzi wa kushonea viatu, unaufunga kwa kijiti ndani ya kila kopo. Mmoja anasimama mwanzo wa uchochoro, mwingine mwisho, uzi unakazwa, na hapo mnayo simu. Kwenye kopo lile Bakari alisema kama mtangazaji wa mpira. Mdomo wake haukuonekana, akasahau kwamba anao. Mwalimu Mkude alipita uchochoroni siku moja, akamsikia, akasimama na baiskeli yake mpaka mazungumzo yakaisha. Wiki iliyofuata akatuletea mchezo ambao mwenye duka hazungumzi na mtu uso kwa uso hata mara moja: kila kitu anakimaliza kwa simu. Kisha akaenda kibandani kwa Mzee Nangomwa kumwomba ahudhurie.

Mzee aliendelea kupiga patasi yake kwa muda. Mwishowe alisema, "Akisema mbele za watu, abaki. Asiposema, mwalimu, usinilaumu."

Ndiyo maana mlio wa Juma haukuwa utani mdogo. Simu ikichekwa, Bakari anakwama. Bakari akikwama, anakwenda Newala. Mwalimu alilielewa hilo kabla yetu. Alivaa kiatu chake, akatuuliza kama kuna yeyote anayejua mahali palipo na simu ya kweli inayoweza kulia kweli. Nilinyoosha mkono. Simu niliijua ilipo. Namna ya kuiliza sikuijua.

Mtaa wetu ulikuwa na simu moja, nayo ilikuwa ya Mama Zuhura. Nyumba aliyopanga ilikuwa zamani duka la Mhindi, na Mhindi alipohama aliacha simu nyeusi, nzito kama tofali, waya wake umekatwa ukutani. Mama Zuhura aliiweka sebuleni juu ya kabati la vikombe, akaifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa chai. Mgeni akiuliza kwa nini hailii, alijibu kwa utulivu kwamba laini ni mbovu. Tangu nipate akili laini ilikuwa mbovu, na hakuna jirani aliyewahi kumpinga, maana heshima ya mtaa mzima ilikuwa imekaa juu ya kabati lile.

Nilikwenda kumwomba nikiwa nimeoga na kuvaa viatu. Mama alikuwa amenionya: "Cha mtu, Tatu, kikivunjika hakina gundi." Mama Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama mikono, akataka nimwonyeshe na kucha. Akakubali kwa masharti matatu. La kwanza, simu isitoke sebuleni kwake mpaka siku yenyewe. La pili, ikienda jukwaani iende na kitambaa chake. La tatu, akae mstari wa mbele. Akaongeza kwamba ikirudi na mkwaruzo atahamia kwetu, alale kitandani kwangu, na mie nilale na kuku.

Elimu yangu ya umeme wakati ule niliipata kwenye karanga. Mzee aliyeuza karanga langoni mwa shule alizifunga kwenye koni za karatasi, na kwa miezi kadhaa karatasi zake zilitoka kwenye kitabu kimoja kikubwa cha Kiingereza cha mambo ya umeme. Sijui alikipata wapi. Nilikuwa nakula karanga zangu, nanyoosha karatasi, naifuta chumvi na kuisoma kwa kamusi ya shule. Kurasa hazikuja kwa mpangilio. Nilisoma namna ya kutengeneza dainamo kabla sijajua sumaku inafanya nini, na kurasa nyingine ziliangukia mikononi mwa wenzangu, wakazitupa. Nilipoona karatasi yenye mchoro mikononi mwa mtoto, nilimfuata nyuma mpaka amalize karanga. Walinidhani mlafi.

Basi nilifungua simu ya Mama Zuhura kwa bisibisi, yeye akiwa amesimama juu ya kichwa changu. Ndani mlikuwa na vikombe viwili vya shaba, katikati yake kinyundo kidogo, na chini yake koili mbili za waya mwembamba kama unywele. Niliunganisha betri mbili za redio kwenye koili. Kimya. Niliunganisha nane, moja nyuma ya nyingine. Kinyundo kikagonga mara moja, ti, kikatulia. Nilipochomoa waya kikagonga tena, ti. Nikachomeka, ti, nikachomoa, ti. Mama Zuhura akauliza kama ndiyo kulia huko, maana kama ndiyo, hata kijiko na kikombe vinaweza.

Lakini mle ndani ya ti mbili mlikuwa na jibu, na nililiona baada ya kurudia mara nyingi sana: kengele hailii kwa kupewa umeme, inalia kwa kupewa na kunyang'anywa. Ukitaka ilie mfululizo, ipe uinyang'anye upesi kuliko mkono unavyoweza. Tena betri nane zilikuwa dhaifu kwa koili ndefu namna ile. Karatasi moja ya karanga ilieleza kwamba transfoma hufanya umeme mdogo kuwa mkubwa, iwapo tu umeme huo hautulii. Ukurasa uliofuata sikuupata kamwe.

Transfoma tulikuwa nayo. Baba alikuwa na redio kubwa ya mbao, ya kuchomeka ukutani, aliyokuja nayo tulipohama kutoka nyumba yenye umeme Ilala. Kwetu Temeke umeme haukuwapo, redio ikawekwa chini, mfuniko wa nyuma ukaanguka, na kuku wetu mwekundu akaona ni mahali pazuri pa kutagia. Baba aliniruhusu kuchukua chochote ndani ya redio mradi nisimsumbue kuku. Ilinibidi kusubiri mpaka kuku atoke kwenda kunywa maji, kisha niingize mkono na bisibisi, nifungue nati moja au mbili, nitoke kabla hajarudi. Kazi ya robo saa ilinichukua siku mbili. Transfoma ilitoka na nyasi na unyoya mmoja.

Na betri, nyie mnaokumbuka, hazikuwa kitu cha kuazima kijinga. Betri zikipatikana dukani ilikuwa habari. Zikichoka hazikutupwa: zilianikwa juu ya bati, zikanyonya jua mchana kutwa, zikapata uhai wa kusikiliza taarifa ya habari na labda salamu. Ukipita mtaani adhuhuri uliziona zimepangwa kwenye mapaa kama dagaa. Nilizunguka nyumba nne, kila nyumba ikanipa mbili. Niliahidi kuzirudisha kila siku kabla ya habari za saa mbili usiku. Nilizifunga nyuzi za rangi ili nisichanganye, kwa sababu kila mama alidai kwamba betri zake zina nguvu kuliko za jirani, na kama angerudishiwa za mwingine angejua kwa sauti ya msomaji. Leo kijana simu ikimwishia chaji anakaa kama aliyefiwa. Angekuwa Temeke yetu angeianika.

Aliyenivusha ni Bakari. Alikuwa anakuja kila alasiri, anakaa pembeni ya kabati na kushika waya nilipomwambia ashike. Siku moja alikuja na tupa ya baba yake, akitaka tu kunisaidia kung'arisha ncha za waya. Nikafunga waya mmoja wa betri kwenye mkia wa tupa, na wa pili, uliopita kwenye transfoma iliyounganishwa na simu, nikauburuta juu ya meno yake. Kila jino lilikuwa ni kupewa, kila bonde kunyang'anywa. Cheche ndogo za buluu zikaruka, na simu iliyokuwa bubu miaka yote ile ikasema krii.

Mama Zuhura alikuwa uani akisukwa nywele. Alisimama na upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, akajifunga kanga yake upya, vizuri, ndipo akaingia sebuleni, utadhani simu ingemwona. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Msusi wake naye alikuja mlangoni na kitana. Juma, aliyekuwa akichungulia dirishani tangu mwanzo kwa aibu ya yale ya darasani, aliingia bila kualikwa, akauliza umeme unapita wapi, na kabla sijajibu akagusa mahali penyewe. Alipigwa shoti iliyomtupa mpaka kwenye mapaja ya Mama Zuhura. Toka siku hiyo alikuwa mwenzetu mwaminifu.

Hata hivyo tupa ina mwisho. Mlio wetu ulikuwa na urefu wa tupa, halafu ni kuanza upya, na simu ya kweli hailii vipandevipande namna hiyo. Isitoshe, Mzee Nangomwa alikuwa akiitafuta tupa yake. Tulikaa barazani tukila mihogo ya kukaanga na pilipili, tumeishiwa akili, na Juma, ambaye hajawahi kukaa bila kuchokoza kitu, akawa anazungusha gurudumu la baiskeli ambayo Mwalimu alituachia hapo, huku ameegesha kijiti kwenye spoku. Trrrrr. Kila mtoto wa wakati ule alifanya hivyo, na kila mwenye baiskeli alimkimbiza kwa hilo. Bakari ndiye aliyegeuka kwanza. Alinigusa bega, akaonyesha gurudumu kwa muhogo wake. Spoku ni meno ya tupa yasiyoisha.

Tuliigeuza baiskeli miguu juu. Spoku tukazipiga msasa wa Mzee Nangomwa mpaka zikang'aa, maana kutu haipitishi umeme. Waya mmoja nikaufunga kwenye fremu. Wa pili nikaufunga kwenye utepe wa bati niliokata kutoka kwenye kopo la maziwa, nao nikaushika kwa kitambaa kikavu, ukiwa unagusa spoku zinapopita. Juma akazungusha pedali kwa mkono. Akienda polepole, kinyundo kilitembea kama mzee anayeshuka ngazi. Akienda kasi mno, kilitetemeka tu kwa uvivu bila kufika kwenye vikombe. Katikati palikuwa na mwendo mmoja ambao simu ililia kwa sauti kamili, nene, ya ofisini. Mwendo huo tuliupata kwa mchakamchaka: nilimwambia Juma akimbie kichwani kama tunavyokimbia asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, na mkono ufuate miguu. Hapo alikuwa hakosei. Mimi nilikuwa nagusisha bati, naliondoa, nagusisha, naliondoa, halafu nangoja. Krii-krii. Kimya. Krii-krii. Kama ile iliyokuwa kwenye ofisi ya kata, niliyowahi kuisikia nikisubiri barua ya baba.

Siku ya Wazazi jua lilikuwa kali na vumbi la uwanja limemwagiwa maji. Jukwaa lilikuwa mkeka mkubwa mbele ya mashuka mawili yaliyofungwa kwenye nguzo. Nyuma ya mashuka tulikaa Juma, mimi, baiskeli na betri nane zilizoanikwa tangu asubuhi. Waya ulipita chini ya mkeka mpaka mezani, na juu ya meza ilikaa simu, na chini ya simu kitambaa cheupe. Mama Zuhura alikuwa mstari wa mbele, amevaa viatu vya harusi. Mzee Nangomwa alisimama nyuma kabisa, karibu na njia. Mgeni rasmi alikuwa katibu kata, naye alikuja na tarishi wake, Mzee Shomari.

Huyu Mzee Shomari lazima nimweleze. Alikuwa mtu mrefu wa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakata, na kazi yake kubwa ofisini ilikuwa simu. Katibu hakupenda isikike mara ya tatu. Kwa hiyo Mzee Shomari, popote alipo, awe anafagia, anakunywa chai, au anasali sunna, aliikimbilia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi hata miguu yake haikungoja amri ya kichwa.

Mchezo ulianza. Wateja walikuja dukani na vikapu, wakasimama foleni, wengine wakaweka matofali, watu wakacheka kwa kujijua. Bakari aliingia na mto tumboni chini ya shati, akakaa mezani. Mwalimu akanipa ishara. Nikamwambia Juma, mchakamchaka, na nikagusisha bati.

Simu ikalia, na hakuna aliyecheka. Nilichungulia kwenye tundu la shuka: uwanja mzima ulikuwa umenyamaza, watoto wameacha kutafuna. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukaa karibu na simu namna ile. Ikalia tena. Bakari akaanza kunyoosha mkono, taratibu, kama tulivyofanya mazoezi. Na hapo Mzee Shomari akanyanyuka. Alipita katikati ya viti vya wageni, akaruka kamba, akakanyaga mkeka kwa viatu vyake vya kung'aa, akanyakua mkono wa simu kabla ya mlio wa tatu.

"Haloo, ofisi ya katibu kata, Shomari hapa, shikamoo."

Niliacha bati likaanguka. Juma aliendelea kuzungusha pedali kwa woga. Mzee Shomari alisimama wima, mkono wa simu sikioni, akingoja kujibiwa marahaba. Nikaona macho yake yanaanza kuzunguka: mkeka, matofali, mto wa Bakari. Uwanja ulikuwa bado kimya, lakini kimya kile nilikijua. Ni kile kinachokuja kabla ya kicheko, na kicheko kile kingemwangukia Bakari kikamzika. Kule nyuma Mzee Nangomwa alikwisha kugeuza bega kuelekea njiani.

Bakari akainua mkono, akauelekeza kwa Mzee Shomari.

"Nipe," alisema. "Simu yangu hiyo. Kaa hapo chini, ikiwa ya katibu nitakuita."

Halikukwama hata neno moja. Mzee Shomari, ambaye maisha yake yote alikuwa akitii sauti iliyokaa nyuma ya meza, alisema, "Samahani, ndugu," akampa mkono wa simu kwa mikono yake miwili, akakaa mkekani kando ya meza, magoti pamoja, akingoja kutumwa. Ndipo uwanja ulipopasuka. Katibu mwenyewe alijifuta machozi kwa leso. Lakini kicheko kilipita juu ya Bakari kama mvua juu ya bati. Hakikuwa chake, na alilijua hilo. Alisubiri kiishe. Akasema kwenye simu kwamba ndiyo, ni yeye mwenye duka, na kwamba s-s-s, hapo alikwama, macho yakamtoka, na watu wakanong'onezana kwamba mlanguzi anaogopa, tazama anavyoogopa.

"Sukari ipo," alimaliza, "ila haipo."

Walipiga makofi mpaka vumbi likanyanyuka upya. Mzee Shomari alikaa palepale mpaka onyesho likaisha, na watu wengi waliondoka wakiamini kwamba yeye ndiye mwigizaji bora wa siku. Katibu alitupongeza, kisha akamuuliza Mwalimu faraghani shule imevutiwa laini lini, na kwa kibali cha nani. Mama Zuhura alirudi nyumbani akiwa ameibeba simu yake kifuani, na majirani walipomsalimia aliwajibu kwamba laini imetengemaa.

Magharibi Mzee Nangomwa alikuja kwetu kudai tupa yake. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa kibatari, akamwonyesha mama mahali cheche zilipoyala meno. Mama akaanza kuomba radhi kwa niaba yangu. Hakuelekea kusikia. Alisema Bakari anahitaji sare mpya, ile ya zamani imembana, na kama mama anamjua fundi wa bei nafuu amwelekeze. Akaondoka na tupa yake mbovu.

Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na hakuna anayetaka ilie. Vijana wa nyumbani kwangu ikilia huitazama kama nyoka, huiacha mpaka inyamaze, kisha huandika: "Ulinipigia?" Juzi nilimwomba mpwa wangu anitafutie mlio wa simu ya zamani kwa ajili ya igizo la watoto wa mtaani kwetu. Alinipa kabla sijamaliza sentensi. Ulikuwa mlio safi, bila cheche, bila kuku, bila nyumba nne zinazongoja betri zao. Tuliucheza mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuupokea. Sisemi wakati wetu ulikuwa bora. Foleni za sukari sizitamani, wala ugali wa unga wa njano. Nasema tu kwamba kitu kikililia mtaa mzima, mtaa mzima unageuka.

Bakari anauza vipuri vya malori Gongo la Mboto. Kigugumizi anacho bado, na hapendi meseji: anapiga. Mwezi uliopita alinipigia kunieleza jambo ambalo mama yake alilisema akiwa mgonjwa, baada ya kulificha miaka yote. Asubuhi ya ile Siku ya Wazazi, kabla ya kuja uwanjani, Mzee Nangomwa alikwisha kwenda stendi na kumlipia mwanawe nauli ya basi la Mtwara, njia ya kwenda Newala. Jumatatu yake alirudi kuidai, akaambiwa kilicholipwa hakirudi. Hakubishana. Alikwenda zake kibandani, akaanza kuchonga.

Nilimuuliza Bakari ilikuwa kiasi gani, maana napenda kujua hesabu ilivyofungwa. Akakwama kwenye herufi ya kwanza. Nikasubiri.

"Shilingi mia moja na kumi na tano," akasema.